Mnusaji wa Tochi

Minza alikuwa anamimina chai ya tangawizi ya karani wa masjala alipomwona binti yake Precious anavuka uwanja wa mahakama kwa miguu, mkoba wa shule begani, viatu vyeupe kwa vumbi. Akajua kuna jambo, maana mtoto huyo alikuwa anarudi kutoka kwa bibi yake kule Mwamanyili na alipaswa kushushwa na gari la baba yake. Minza alimaliza kumimina, akampa karani kikombe chake, ndipo akageuka.

"Baba yako yuko wapi?"

"Kituo cha polisi. Gari nalo liko kituoni. Hawakumpiga, mama. Wamemshika kwa sababu ya kile kidude."

Kidude chenyewe kilikuja na gari. Miaka ile Noah zilizotumika Japani zilimiminika bandarini, na watu waliokuwa hawajawahi kumiliki hata baiskeli ya maana walijikuta na gari barabarani. Noah ya Dastan, baba yake Precious, ilifika na kitu kimebandikwa juu ya dashibodi, kidogo kama pakiti ya sigara, chenye taa ya kijani na sauti ya mwanamke anayeongea Kijapani. Fundi mmoja wa Mwanza ndiye aliyemwambia Dastan kwamba kile ni kifaa cha kunusa tochi za trafiki, zile za kupimia mwendo. Tangu siku hiyo Dastan alikiita mnusaji, akakifuta vumbi kila asubuhi, akakisifia stendi nzima ya Bariadi.

"Afande alisimamisha gari pale karibu na Dutwa," Precious akaendelea. "Akauliza hiki nini, baba akasema ni saa. Mara kikaongea. Abiria wakacheka. Afande akasema saa gani inaongea, akasema ameshasikia habari zake stendi, kwamba Dastan hanaswi kwa sababu ana mnusaji. Akasema ni kosa. Baba akaomba msamaha."

"Akaomba msamaha kwa kosa gani?"

Minza akavua aproni, akafunika sufuria ya maandazi, akamwomba mfagizi wa mahakama amwangalizie. Alikuwa ameuza chai kwenye baraza ile kwa miaka tisa. Kwa miaka tisa alisikia mashtaka yakisomwa kupitia dirisha lisilo na kioo: wizi wa ng'ombe, kujeruhi, kuuza gongo, kulisha kwenye shamba la pamba la mtu. Jambo moja alilijua vizuri kuliko wengi waliopita mlango ule: kila kosa lina kifungu chake, na kifungu kina namba.

*

Kituoni walimweka kwenye benchi saa nzima. Askari kijana wa mapokezi alimwita "wewe mama wa chai", akamwambia akae pembeni asizibe njia. Noah yao ilikuwa imeegeshwa uani chini ya jua, milango imefungwa, na mzigo wa samaki aina ya furu wa abiria mmoja ulikuwa umeanza kunuka ndani.

Mayala, dereva mwenzake Dastan, alimkuta pale. Alikuwa na kofia mkononi kama mtu aliye msibani.

"Shemeji, usilikuze jambo," akamwambia kwa sauti ya chini. "Hapa ni kuongea nao kiutu uzima. Unatoa kitu kidogo, wanakipokonya kile kidude, gari linatoka jioni hii."

"Nitoe kwa kosa gani?"

"Shemeji, mambo haya hayaendi kwa kuuliza."

"Basi haya yataenda kwa kuuliza," Minza akasema.

Afande Athanasi alipotoka, Minza alimkuta si mtu wa makelele. Alikuwa mrefu, mwembamba, sare yake nyeupe imepigwa pasi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la barabarani. Minza akasimama, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, afande. Mimi ndiye mama Precious. Naomba kujua mume wangu ameshikwa kwa kifungu cha ngapi."

Askari wa mapokezi akacheka puani. Athanasi hakucheka.

"Mama, mume wako amefunga mtambo wa kunusa tochi ya serikali. Hilo linahitaji kifungu?"

"Linahitaji, afande. Alikuwa anakwenda mwendo gani ulipomsimamisha?"

"Arobaini na nane."

"Na pale panaruhusiwa?"

"Hamsini."

"Basi."

Athanasi akamtazama kwa muda. "Mama, lami hii ina mwaka wa pili. Nimeshaokota watu kumi na mmoja kwenye lami hii kwa mikono yangu. Mtu anayefunga kidude cha kumwambia nilipo, anataka kufanya nini nisipokuwepo? Kifungu utakisikia mahakamani Jumatano."

Minza akaona afande ana hoja. Lakini swali lake pia lilikuwa halijajibiwa.

*

Dastan alitoka kwa dhamana siku ya pili, ndevu zimemchomoza, mkanda wa suruali mkononi. Gari lilibaki kituoni kama kielelezo. Alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba na hakutaka kuonana na mtu. Pamba ilikuwa imeanza kushuka mashambani, wachuuzi walikuwa wanajazana stendi kwenda Lamadi na kurudi, na abiria wake wa kila siku walikuwa wanapanda magari ya wengine.

"Nitakiri," akasema. "Nikikiri, wanapiga faini, natoa, yanakwisha."

"Ukikiri, unasema mbele ya hakimu kwamba umevunja sheria. Leseni yako wataitazamaje? Na gari?" Minza alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso. "Mimi nimewasikia wanaokiri, Baba Precious. Wanakiri asubuhi wapate kwenda nyumbani, mchana nawapelekea chai wakiwa wanasubiri karandinga la gerezani."

"Sasa nitasema nini? Mimi si wakili."

"Utasema sentensi moja. Mheshimiwa, naomba nisomewe kifungu kinachotaja kifaa hiki."

Akamfanya airudie mara nyingi, mpaka Precious aliyekuwa anafua akaanza kuisema pamoja nao. Dastan aliweza kuongea stendi kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, lakini sentensi ile ilimkwama kooni kama mwiba wa sato.

*

Jumatano Minza hakuuza chai. Alivaa kitenge chake kizuri akaketi benchi la nyuma. Makarani waliozoea kumwita kwa jina walipita wakitazama mafaili yao. Mwendesha mashtaka, aliyekunywa chai yake kila siku na hajawahi kumsalimia kwanza, alimwona akamwambia mwenzake, "Leo mama chai kaja kama mteja."

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti isiyopanda. Shtaka likasomwa: kwamba Dastan Bundala, dereva, alipatikana na kifaa cha kubaini tochi za polisi na hivyo kumzuia askari kutekeleza wajibu wake.

"Mshtakiwa, ni kweli si kweli?"

Dastan akafungua mdomo. Akageuka nyuma kumtafuta mke wake. Chumba kizima kikageuka naye.

Minza hakukusudia kusimama, lakini alijikuta amesimama. "Mheshimiwa, alitaka kusema kwamba..."

"Nani huyo?"

"Ni mama anayeuza chai, mheshimiwa," mwendesha mashtaka akasema, na watu wakacheka.

"Mama, keti. Hapa anaongea mshtakiwa au wakili wake. Ukirudia nitakutoa nje."

Minza akaketi. Huyu ndiye hakimu ambaye Minza alimpelekea kikombe chake saa nne kila siku ya kazi, tangawizi nyingi, sukari kidogo. Akaweka mikono mapajani akatazama mbele, akaapa moyoni kwamba hatainamisha kichwa.

Labda Dastan aliviona vile vicheko vikimwangukia mke wake. Labda ni hasira tu. Aligeuka akamtazama hakimu, na sentensi ikatoka nzima.

"Si kweli, mheshimiwa. Na naomba nisomewe kifungu kinachotaja kifaa hiki."

Hakimu akaishika hati ya mashtaka, akaisoma tena kimyakimya. Akavua miwani.

"Mwendesha mashtaka, kifungu ulichoandika hapa kinahusu kumzuia askari. Kifaa hakitajwi. Una kingine?"

"Mheshimiwa, kifaa hiki kinaizuia tochi. Kuizuia tochi ni kumzuia askari."

"Hilo ni neno lako. Mahakama inataka ushahidi kwamba kinazuia. Lete kifaa, lete tochi, lete shahidi wako. Jumatatu. Na mshtakiwa akiwa na shahidi, amlete."

*

Mwenye wazo alikuwa Precious. Shuleni kwake kulikuwa na mwalimu wa hisabati Mjapani, kijana aliyekuja kujitolea miaka miwili, aliyependa ugali na michembe ya viazi vitamu vikavu na aliyeongea Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Mama, sisi wote tunabishana kidude kinasema nini," Precious akasema. "Yeye anajua kinasema nini."

Minza akaenda shuleni mwenyewe. Alimkuta mwalimu akisahihisha madaftari, akamweleza jambo lote bila kuficha, pamoja na sehemu ya stendi na majigambo. Mwalimu alisikiliza akitikisa kichwa.

"Mama, mimi nitasema kweli tu," akamjibu. "Kama kweli ni mbaya kwa baba, nitasema hiyo mbaya."

"Ndiyo ninayoitaka," Minza akasema. Na wakati ule aliamini kwamba anaitaka.

Jumatatu kesi ilihamia uani. Noah ililetwa kutoka kituoni, ikaegeshwa karibu na lango. Hakimu alisimama kivulini na karani wake, watu wakajaa kando ya ukuta, na mwendesha mashtaka akaamuru swichi ya gari iwashwe. Taa ya kijani ikawaka. Sauti ya mwanamke ikatoka, laini, yenye adabu.

"Inasema nini?" hakimu akauliza.

Mwalimu akainama karibu na dirisha. "Inasema, habari za asubuhi. Leo pia tafadhali endesha kwa usalama."

Mtu mmoja ukutani akakohoa kuficha kicheko.

"Elekeza tochi," hakimu akamwambia Athanasi.

Athanasi alisogea hatua mia hivi, akainua tochi, akaielekeza kwenye pua ya gari, akaminya. Kidude hakikusema kitu. Akaminya tena. Akasogea upande, akaminya mara ya tatu na ya nne. Taa ya kijani iliwaka vilevile, na sauti haikutoka. Wakamwambia Dastan arudishe gari nyuma mpaka mwisho wa uwanja, kisha alisogeze mbele Athanasi akilielekezea tochi. Hakuna kitu.

Mwalimu akaomba kuiona tochi. Akaigeuza, akasoma maandishi ya chini, akamuuliza Athanasi swali moja, Athanasi akajibu ndiyo.

"Mheshimiwa, kifaa hiki kinasikia mawimbi ya redio ya mitambo ya polisi ya Japani. Pia kina ramani, lakini ramani ni ya Japani. Tochi hii haitumii redio. Inatumia mwanga. Kifaa hiki hakina jicho la mwanga huo. Kwa tochi hii, ni kipofu."

"Na siku alipokamatwa, kilisema nini kwa askari?" hakimu akauliza.

Mwalimu akaomba Precious arudie sauti kama alivyoikumbuka. Msichana akaiga, silabi kwa silabi. Mwalimu akatabasamu.

"Hiyo inasema, umeendesha muda mrefu. Tafadhali pumzika kidogo."

Uwanja mzima ukacheka, hata karani, hata askari wa mapokezi aliyekuja kusindikiza gari. Minza naye alifungua mdomo acheke, kwa maana kesi ilikuwa imeanguka mbele ya macho yake kama ukuta wa udongo kwenye mvua. Lakini kicheko hakikutoka. Alikuwa anamtazama Dastan. Dastan alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umepauka kama wa mtu aliyeambiwa kwamba daraja alilolivuka mwaka mzima halikuwa na nguzo.

*

Hukumu haikuchukua robo saa. Hakimu alisema kwamba mahakama haikuonyeshwa kifungu chochote kinachokataza kifaa kile, na kwamba mtu haadhibiwi kwa hasira ya askari wala kwa majigambo ya stendi. Kuhusu kumzuia askari, kifaa hakikuzuia kitu. Mshtakiwa yuko huru, gari na kifaa arudishiwe. Kisha akaongeza, akimtazama Dastan juu ya miwani, kwamba mtu asitoke pale akidhani amepewa ruhusa ya kukimbia.

Nje, hakimu alipita karibu na Minza. "Kesho chai ipo?" akauliza.

"Ipo, mheshimiwa."

"Jumatano ile nilimketisha mtu aliyekuwa na ukweli ila hana ruhusa ya kuusema," hakimu akasema, akaendelea na safari yake.

Athanasi alikuwa amesimama langoni na tochi yake kwapani. Minza alingoja amkasirikie, lakini askari alivua kofia.

"Umeshinda, mama. Kifungu sikuwa nacho."

"Wewe ulikuwa kazini, afande."

"Mimi sikukamata kidude," Athanasi akasema. "Mwezi wa tano nilifunika mtoto kwa kanga ya mama yake, pale pale karibu na Dutwa. Dereva aliniambia hakuniona. Nilitaka kumwambia kwamba siye mimi aliyepaswa kumwona, ni mtoto." Akavaa kofia. "Kaeni salama."

*

Jioni ile majirani walikuja kupongeza, wakaondoka. Minza alipakua ugali na mlenda, wakala wote watatu. Dastan alipomaliza kunawa, Minza akauliza.

"Kidude kilipokuwa kimenyamaza, ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

"Wa kawaida."

"Baba Precious."

Dastan akatazama chini. Aliyejibu ni Precious.

"Mia na thelathini, mama. Tukitoka Lamadi. Alisema kikinyamaza barabara ni nyeupe. Alipunguza karibu na Dutwa kwa sababu lori lililokuwa linakuja lilimuwashia taa kwamba trafiki wako mbele."

Minza akafuta mikono kwenye kanga. Hakuwa anafikiria mahakama tena. Alikuwa anafikiria kiti cha mbele, mkoba wa shule magotini, na mama wa yule mtoto wa mwezi wa tano ambaye hakumjua jina.

"Kwa hiyo walikuwa wenzako," akasema hatimaye. "Mwaka mzima walikuwa wenzako wanakuwashia taa, wewe ukadhani ni kidude."

"Nilidhani ni kidude," Dastan akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Precious, ningejua..."

"Ungejua ungefanyaje? Ungetafuta kinachofanya kazi?"

Minza akakusanya sahani, akaziweka chini tena.

"Mayala naye amenunua chake, Mwanza. Na yule wa Coaster. Ni wewe uliyewaambia. Kesho asubuhi utasimama stendi uwaambie na hili."

"Watanicheka mpaka nihame mji. Bora ningelala kituoni wiki nzima."

"Mimi nilisimama mbele ya watu wote nikaambiwa keti, wakanicheka. Niliketi, na bado niko hapa. Sitakusaidia sentensi safari hii. Unayo mwenyewe."

*

Stendi ya Bariadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilikuwa imeshachangamka. Wapiga debe walimpokea Dastan kama mshindi wa ubunge. Mayala alimnyanyua mkono juu, akapiga kelele kwamba mnusaji amehalalishwa na mahakama, na anayetaka namba ya fundi wa Mwanza aje. Minza alisimama karibu na banda la tiketi na birika zake mbili, njiani kwenda kazini.

Dastan akashusha mkono wa Mayala taratibu.

"Hakifanyi kazi," akasema.

"Nini hakifanyi kazi?"

"Mnusaji. Wamekipima jana na tochi yenyewe, mbele yangu. Hakioni kitu. Ukisikia kinaongea, kinakwambia habari za asubuhi." Wakaanza kucheka, akangoja wamalize. Hawakumaliza haraka. "Mwaka mzima nimekwenda mia na thelathini na watu nyuma, nikidhani kuna kitu kinanilinda. Hakikuwepo. Mayala, na chako ni hivyo hivyo. Kitoe. Hata kingefanya kazi, kinaona askari tu. Hakioni mtoto anayevuka."

Kicheko kikapungua, kikabaki kwa wapiga debe wawili wa pembeni, kisha nacho kikaisha. Mayala alikuwa anatazama kofia yake. Dereva wa Coaster akaenda kwenye gari lake bila kuaga.

Nyanjige, mama mzee aliyekuwa akipanda gari la Dastan mara mbili kwa wiki kwenda kununua dagaa Lamadi, alikuwa amesimama na kapu lake kichwani, amesikia yote. Akasogea mpaka mbele ya Dastan.

"Na mimi nilikuwemo humo? Siku hizo?"

"Ulikuwemo, mayu," Dastan akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mia na thelathini."

"Ndiyo, mayu."

Bibi akamtazama, muda mrefu wa kutosha Dastan kuhisi jasho shingoni ingawa jua lilikuwa halijapanda. Magari mengine mawili ya Lamadi yalikuwa wazi pembeni, makondakta wakimwita. Nyanjige akatua kapu, akamkabidhi.

"Liweke nyuma," akasema. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akapanda, akakaa kiti cha mbele, mahali anapouona mshale wa mwendo.